Kila Mtu Aandikwe

Inveta ililia tena, na Eliakim akajua kwamba hata betri ya Mzee Wakoli haitamfikisha jioni.

Akahifadhi kazi, akazima laptop, akachomoa nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Betri akaisukuma kwa mguu hadi kwenye zile nne zilizokufa tangu asubuhi. Juu ya mabati sola ilikuwa imelala siku ya nne bila kuona jua. Juni ya Kitale ni mvua na wingu, wingu na mvua.

"Imekufa?" akauliza Mzee Wakoli, aliyekuwa amesimama mlangoni kama askari.

"Imekufa, Mzee."

"Na majina?"

"Yako salama. Zimebaki boma kumi na mbili."

Mzee akaigeukia foleni iliyojipanga uani chini ya manyunyu. "Nani bado ana betri? Msinifiche! Jana nimesikia televisheni ya mtu ikipiga kelele."

Watu wakatazamana. Ilikuwa Alhamisi, mwaka wa 2006, na kesho yake Kombe la Dunia linaingia robo fainali. Shambani kule stima haijawahi kufika, kwa hiyo kila mwenye televisheni alikuwa amepeleka betri mjini ikachajiwe. Lakini kesho hiyohiyo ndiyo mwenye shamba alisema asiwaone tena, wao na watoto wao, kwenye udongo ambao baba zao walikamulia ng'ombe wa Mzungu.

Eliakim alikuwa amewaambia kwamba kortini hakuna kitu kinachoshinda orodha. Hakuna aliyemuuliza mara mbili. Watu hawa wanajua orodha ni nini. Mzungu alipoondoka, karani alikuja na daftari saa kumi na mbili asubuhi, akawaandika wale aliotumwa kuwaandika, akaenda zake. Waliokuwa zizini hawakuandikwa. Walipotoka na ndoo za maziwa, shamba lilikuwa limeshapata mwenyewe. Miaka arobaini wamelala na neno moja: siku ile tungeandikwa!

Wangui, mamake Ngige, akaingia akisukuma toroli, betri imefunikwa na gunia.

"Ngige ataniua," akasema. "Ati Ajentina wanacheza kesho. Nimemwambia Ajentina hawana shida ya shamba."

Foleni ikacheka. Eliakim akaunganisha nyaya. Inveta ikanguruma kidogo, laptop ikawaka.

"Jina?"

"Wee! Si unanijua tangu ukiwa na kamasi?"

"Sema tu, Mama."

Akasema. Vidole vya Eliakim vikaandika. Alivitazama kama vidole vya mtu mwingine.

"Mnalala wangapi?"

"Saba."

"Nyumba ya mabati au ya nyasi?"

"Nyasi. Hata hiyo unaandika?"

"Yote. Na kwako ni nani husimama kwenye mikutano?"

"Si ni Ngige! Huyo mdomo wake hauna breki."

Eliakim akaweka nyota kando ya jina la Ngige.

"Na mimi umenipa nyota?" Mzee Wakoli akachungulia kioo.

"Yako ndiyo ya kwanza, Mzee."

Mzee akakohoa kwa kuridhika, akarudi mlangoni kuwanyoosha watu.

Kazi hiyo Eliakim aliipata mwezi wa nne, baada ya miaka miwili ya kulalia mkeka wa rafiki mtaani Tuwan na cheti cha kompyuta chini ya mto. Laptop, inveta, sola, simu ya kutumia mtandao: vyote alipewa. Unaweza kufanyia popote, walimwambia ofisini. Hasa nyumbani kwenu.

Mama yake, Nekesa, alimletea uji. Eliakim akaushika mpaka ukapoa.

"Mbona hunywi? Na mimi umeniandika?"

"Wewe ni namba kumi na tisa."

"Basi," akasema Nekesa, akaenda kukaa na wenzake, mikono mapajani, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Wa mwisho hakuwa hata wa hapo. Aliitwa Sifuna, shemeji wa watu, amekuja matangani kutoka Bumula na hajaondoka.

"Mimi ni mgeni, lakini niandike tu, bana. Huwezi jua."

Eliakim aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Rudi kwenu."

"Ati nini?"

"Rudi Bumula. Leo. Gari bado ziko."

"Sikieni huyu! Ameshaanza kubania watu ardhi hata kabla hatujapewa!"

Wakacheka, na Sifuna mwenyewe akacheka zaidi yao. Eliakim hakumwandika.

Saa kumi na moja orodha iliisha. Boma arobaini na saba, watu mia tatu na sita. Eliakim akachomeka simu kwenye laptop kwa waya, akaisogeza dirishani ambako mtandao ulishika vizuri kidogo. Uani wote wakasimama. Mzee Wakoli akavua kofia.

"Bwana," akaomba, "safari hii tumeandikwa sote. Hakuna aliyebaki zizini. Mbariki kijana wetu."

"Amina," wakasema.

"Amina," akasema Eliakim.

Kisha akaandika anwani ya meneja wa shamba, na chini yake: *Wenye nyota wakishikwa leo, kesho hakuna atakayepiga kelele.* Akarudi kwenye orodha, akapanda polepole hadi namba kumi na tisa, akalifuta jina la mama yake, akatuma.