Mkaja wa Mama

Daktari kijana alimchora Zuena mstari wa wino chini ya tumbo, kutoka nyonga hadi nyonga.

"Njia ni mbili, mama. Tukikata kidogo, vidonda vya mikunjoni vitarudi. Tukikata hapa, ngozi yote iliyolegea inatoka."

Zuena aliinama kutazama. Juu kidogo ya mstari lilikuwepo baka jeusi la kuungua, dogo kama punje ya kunde.

Alilipata kwenye uzazi wake wa kwanza, mama yake alipokuwa akimkanda kwa maji ya moto kwao Gongoni. "Tulia wewe, tumbo halirudi kwa kudeka!" Maji yakamrukia, akapiga kelele, wakacheka wote wawili hadi kichanga kikaamka. Kisha mama akamfunga mkaja, kitambaa cha kubana tumbo la mzazi, akiukaza kwa goti. Sasa mama hana hata arobaini kaburini.

"Hili nalo linaondoka?"

"Linaondoka, mama. Hakuna namna."

Mikunjo ilikuwa ikimwasha na kumchoma, hata kulala hakulali.

"Haya, kata. Ngozi yenyewe mnaipeleka wapi?"

"Inachomwa."

"Ilishaungua mara moja, inatosha."

Akavuta mkoba, akatoa mkaja uleule, umepauka kwa kufuliwa.

Daktari akatabasamu. "Siku hizi tunafunga mkanda maalumu, mama."

"Huu si wa kunifunga mimi, mwanangu. Mnifungie hiyo ngozi humu. Nitampelekea mama yangu mwenyewe, kaburini kwake."