Kijani cha Aina Moja

"Msitu umerudi," ofisa wa mradi alisema kando ya mto Tana, akiandika kwenye fomu.

Hinda, aliyesimama karibu naye, alikasirika. Alikulia hapa akichunga mbuzi, chini ya miti ya kila namna. Kisha maji ya mto yakazuiwa kwa mabwawa huko juu, mafuriko yaliyoinywesha miti yakakoma, na wageni wakaja kupanda mathenge, mti wa miiba kutoka ng'ambo. Mathenge ikameza miti mingine yote.

"Kijana, umeona miti aina ngapi?"

"Mama, kijani ni kijani."

Hinda alimkamata mkono, akamwingiza kichakani mpaka miiba ikamrarulia shati.

"Wallahi, hutoki humu bila kunionyesha mti mwingine. Mmoja tu!"

Ofisa aligeuka kila upande, na kila alipogeuka mwiba wa mathenge ulimshika. Alipofungua mdomo kukiri kuwa hakuna, Hinda alikuwa ameshampokonya fomu iliyosema msitu umerudi.