Lori la Waya la Oloo

Haki ya Mungu hii ni kweli tupu, na anayebisha aende Dagoretti Corner akaulize.

Jirani yake Oloo alikuwa akimpangia mtu wa bima kabatini vigari vyake vya bati vya kuchezea kutoka Ulaya ili vitiwe bei. Wivu ukamkaba Oloo. Akachomeka katikati kwa siri lori lake la waya, magurudumu yake vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu, ili vyote vionekane takataka.

Mtu wa bima akaliinua lori, akazungusha gurudumu, likalia kwii.

"Kazi ya mkono hii! Shilingi laki moja, linavipita vyote!"

"Nililiunda mwenyewe," jirani akasema, bila kupepesa macho.

"Mwongo we! Hilo ni langu!" Oloo akaropoka.

"Lako? Limeingiaje kabatini kwangu, bwana?"

Oloo akatoa pochi.

"Jamani, soda za wote ni juu yangu, tusiulizane limeingiaje."