Kichupa cha Tone Moja

Kichupa kilikuwa juu ya kitambaa, mdomo chini, kinang'aa.

"Hakukuwa kitu ndani, dokta," Mama Adèle, mwosha vyombo wa maabara, alisema. "Nimeosha muzuri, na maji ya moto."

Dokta Kavuo alikiinua dirishani. Tone moja la kingamwili, dawa ya utafiti iliyokaa miezi minane njiani, ya kumwonyesha protini iliyonyamazisha jeni katika uvimbe uliomuua dada yake, lilikuwa limekwenda na maji ya sabuni.

Wakati wa vita, mji wa Kindu ulipokosa hata sindano, Kavuo mwenyewe ndiye aliyeamuru: maabara hii haitupi kichupa, inakiosha. Mama Adèle hakuwahi kusahau, hata siku risasi zilipolia mtaani Kasuku.

"Nimekosa, dokta?"

"Hapana, mama. Umefanya njo vile nilikufundisha."

Akakirudisha kitambaani, mdomo chini, kikauke.