Tupa ya Wendell

Wendell alikipiga tupa kizuizi mara ya nne, kale kachuma kanakozuia bunduki isilie kwa bahati mbaya, na bado kiligoma kugeuka. Vipande vyote vilikuja kwa posta; kuviunganisha gerejini kungemshinda mpumbavu tu. Bunduki ilikuwa ya binti yake, kwa msimu wa kulungu utakaoanza Jumamosi.

Mama mkwe wake alisimama mlangoni, aproni imejaa unga.

"Kimekwama?"

"Kiwanda kimeniuzia takataka. Rudi kwenye mikate yako, mama. Haya si ya jikoni."

Mama mkwe akaingia, akakivuta kinyundo cha ndani, kile kinachofyatua risasi, kwa kidole gumba mpaka kikanasa. Kizuizi kikageuka bila taabu.

"Hakigeuki mpaka kinyundo kivutwe kwanza, baba. Marehemu mume wangu alikuwa mjinga, lakini hilo alilijua."

"Umebahatisha," alisema Wendell.

Mama mkwe alikuwa akiutazama unga wa chuma uliotapakaa mezani. Akahakikisha kizuizi kimegeuzwa upande wa kuzuia, akatega kidole gumba mbele ya kinyundo, kisha akavuta kifyatulio.

Kinyundo kikamwangukia kidoleni.