Kobe Kumi na Mmoja wa Karkhe

Injini ilikuwa imezimwa kitambo, lakini Daktari Mahvash hakushuka garini. Alikuwa ameegesha mbele ya nyumba ya Chasib, mvuvi aliyefungwa kwa ushahidi wake.

Mzee alifungua lango mwenyewe.

"Shuka, Daktari. Jua hilo litakukaanga. Naim wangu hajambo?"

"Hajambo. Kesho namkabidhi kituo cha kobe, mimi nastaafu."

"Nimesikia." Akamkaribisha mkekani, akammiminia chai na kumsogezea tende.

Miaka ishirini iliyopita, kobe kumi na mmoja wa gamba laini waliuawa kwa kupigwa nyundo ukingoni mwa mto Karkhe. Wote walikuwa majike, wamejaa mayai. Wavuvi waliwachukia kobe hao kwa kuwararulia nyavu. Mahvash, wakati huo mtafiti kijana wa wanyama, alifika na kuona mtu akitokomea kwenye matete. Aliona mgongo tu.

Hakimu alipomuuliza kama ana hakika ni Chasib, alijibu kwamba anayo. Alikuwa na hasira, na hakukuwa na mvuvi mkaidi kumshinda Chasib. Ajabu ni kwamba mshtakiwa hakujitetea hata kwa neno moja. Alifungwa miezi kumi na minane. Katika mwezi wa saba wa kifungo mkewe, aliyekuwa mgonjwa, alifariki.

Tangu hapo kila tuzo aliyopewa Mahvash ilimkaa kooni. Akamchukua Naim, mtoto wa pekee wa Chasib, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Akamlipia shule hadi chuo kikuu. Akamfundisha kupima magamba, kutunza mayai, kutofautisha samaki, vyura na nyoka wa bonde zima. Kijana alisoma kwa bidii iliyomtia hofu mwalimu wake. Kobe akifa, Naim alichimba kaburi mwenyewe, hataki kusaidiwa.

"Bwana, kobe hawa ni shangazi zako?" wenzake walimtania.

Naim hakucheka.

Sasa chai ya Mahvash ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Abu Naim, nimekuja kukuomba radhi. Nilidanganya mahakamani. Yule mtu niliona mgongo wake tu. Sikujua ni nani."

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Siku ile sikuwepo mtoni. Tangu alfajiri nilikuwa hospitali kule Dezful na mama Naim. Waliniandikia karatasi, yenye tarehe na muhuri."

Mahvash alikisogeza kando kikombe chake.

"Karatasi hiyo ingekutoa siku hiyohiyo. Ungekuwa na mkeo mpaka mwisho. Kwa nini hukuionyesha?"

Mzee alichukua kikombe chake, akakizungusha kiganjani bila kunywa.

"Ningeionyesha, wangeniuliza nyumbani nilimwacha nani," akasema taratibu. "Na nilimwacha Naim, peke yake, na nyavu zilizoraruliwa."