Konokono wa Bi Time

Mize aligeuza jani jingine, akalikagua pande zote, akaliweka kando.

Kila mkazi wa Pemba hupewa konokono mmoja wa asili ya kisiwa, mwenye namba mgongoni, anayeishi huru uwanjani. Akipotea, mwenyewe huhamishiwa bara. Ndiyo maana nyanja hazifagiliwi. Lakini asubuhi hiyo Bi Time, mama mkwe wake, alisahau. Mkono ulifuata mazoea ya miaka ya kabla ya amri hiyo, akafagia majani yote, akayarundika. Konokono wanne wa nyumba walionekana ukutani. Wa tano, wa Bi Time mwenyewe, hakuonekana.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Pete, mama."

"Ya ndoa? Makame atakuacha!" Bi Time alicheka, akainuka. "Ngoja nikusaidie."

"Usikanyage! Keti papo hapo, mama, nakuomba."

Bi Time aliketi, akamtazama kwa mshangao.

Jua lilipotua, nusu ya rundo ilikuwa bado. Mkaguzi wa konokono, kutoka bara, angefika kesho adhuhuri.

"Mgeni wetu wa kesho mtilie tangawizi kwenye chai," alisema Bi Time. "Maskini, anatoka mbali."

"Haya, mama," Mize aliitikia, akalifunika rundo kwa gunia lililolowa maji, konokono asikauke.